Mkono Shingoni

Nina ugomvi na ishara moja. Ni fupi, haichukui hata sekunde: kiganja hunyooshwa kikawa kama bapa la kisu, kisha hupitishwa shingoni kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nimeiona katika Misa, na si katika parokia moja tu, ikifanywa na mkalimani aliyesimama kando ya altare kuwatafsiria viziwi. Kila padre anapotamka neno shahidi, mkono ule unapita shingoni. Wakitajwa Mashahidi wa Uganda, mkono shingoni. Akitajwa Stefano, mkono shingoni. Na katika sikukuu zao wenyewe, ambapo neno hilo hurudiwa kuanzia sala ya mwanzo mpaka baraka, maskini mkalimani hujichinja mara zisizo na idadi.

Nasema tangu mwanzo kwamba ishara hiyo inafundisha uongo, tena inaufundisha kwa waamini ambao hawana njia nyingine ya kuusahihisha. Wapo watakaosema ninatafuta nongwa. Nawaomba wanivumilie mpaka nimalize, ndipo wanitie hatiani.

Mwaka mmoja, tarehe 3 Juni, nilikwenda Misa pamoja na binti wa kaka yangu. Ni kiziwi tangu utotoni, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, mtoto mwenye akili nyepesi na maswali yasiyokwisha. Jioni nilipokuwa nachambua mchele akaniletea daftari lake. Alikuwa ameandika: "Shangazi, Lwanga alimchinja nani?"

Msomaji asimcheke mtoto. Alisoma alichoonyeshwa. Katika lugha za alama nyingi, nani amtenda nani huonekana kwa mahali mkono unapoanzia na mahali unapoelekea. Ndiyo sarufi yenyewe, kama sisi tunavyotofautisha "anampiga" na "anapigwa" kwa silabi chache tu. Mkono unaokata shingo ni mkono wa mkataji. Mwenye shingo hana mkono katika ishara ile, hana tendo, hana neno. Mtoto aliambiwa kwa saa mbili kwamba leo tunamheshimu Karoli Lwanga wa mkono-unaokata. Akataka kujua alikata shingo ya nani. Ni swali zuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Nilipeleka jambo hilo kwa padre mmoja, mtu mwema na mwenye elimu. Akanijibu kwa upole: "Mama, lugha ya alama ni lugha ya picha. Kifo kina picha. Ushahidi una picha gani?" Tukaagana kwa heshima. Lakini jibu lake limenikaa rohoni miaka yote hii, na makala hii ndiyo jibu langu kwake.

Kwanza, ishara yenyewe ni ya kale kuliko anavyodhani. Huko Ufaransa kulikuwa na abasia kubwa ya Cluny, iliyoanzishwa mwaka 910. Watawa wake walishika kimya kwa ukali sana, na ili waweze kuombana mkate au kitabu bila kufungua kinywa walijitungia ishara za mikono. Katika karne ya 11 ishara hizo ziliandikwa, na orodha ikahifadhiwa mpaka leo: mkate, samaki, maharagwe, nguo, vitabu, watu. Humo imo ishara ya shahidi. Mtawa aliweka mkono wa kulia shingoni kana kwamba anataka kukata kitu. Ni ileile.

Lakini watawa wale hawakuwa viziwi, na ishara zao hazikuwa lugha. Walikuwa wakisikia habari za mashahidi zikisomwa kwa Kilatini mwaka mzima, usiku na mchana. Mkono shingoni haukuwafundisha lolote. Uliwakumbusha tu waliyokwisha kuyajua, kama fundo kwenye leso. Mtoto wa kaka yangu hakuwa na masomo ya usiku wala Kilatini. Fundo lile ndilo lililokuwa somo lake zima.

Tena watawa haohao wanamkanusha padre wangu. Walihitaji ishara ya aleluya, na aleluya haina umbo wala rangi. Basi waliinua mkono na kuuchezesha kana kwamba unaruka, kwa sababu waliamini kwamba aleluya huimbwa na malaika mbinguni. Watu wasiokuwa na shida yoyote ya masikio waliweza kuweka imani nzima katika vidole vitano. Itakuwaje basi viziwi, ambao mikono ndiyo kinywa chao tangu utoto, washindwe kuonyesha maana ya ushahidi?

Hebu tulitazame neno. Kwa Kigiriki, lugha iliyoandikiwa Agano Jipya, martys ni mtu wa mahakamani: aliyeona, akaitwa, akasema alichokiona. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 22, kinamwita Stefano kwa neno hilo, na kitabu cha Ufunuo kinampa Yesu mwenyewe cheo hichohicho. Baadaye, kwa kuwa wengi waliosema walichokiona waliuawa, neno likabeba na maana ya kuuawa. Kiarabu kilichotupa sisi neno shahidi kinabeba maana zote mbili vilevile. Kiswahili kikazirithi bila kusita. Bibi yangu ambaye hakusoma hata darasa moja alijua kwamba shahidi wa kesi ya shamba na shahidi wa Namugongo ni neno moja, na hakuhitaji mwanateolojia kumweleza kwa nini.

Kweli tunayo maneno mengine, mfiadini na kifodini, na baadhi ya mapadre wetu huyapendelea kwa sababu hayachanganyikani na mambo ya mahakama. Mimi siyapendi sana, maana yanatanguliza kifo na kuuacha usemi nyuma. Hata hivyo mfiadini lina heshima moja ambayo mkono shingoni hauna: mtendaji wa neno ni mtakatifu mwenyewe. Yeye ndiye anayeifia dini yake. Katika ishara ile mtendaji ni mchinjaji. Tunamtukuza mtakatifu kwa kumwigiza aliyemwua.

Mtakatifu Augustino aliliona jambo hili zamani, akafundisha kwamba kinachomfanya mtu shahidi ni sababu anayofia, wala si adhabu anayopewa. Alikuwa na haja ya kulisema kwa nguvu, maana hata wanyang'anyi walikatwa vichwa. Pale Kalvari palikuwa na misalaba mitatu. Ukiwa na picha ya adhabu tu, utatofautishaje wa katikati na wale wa pembeni?

Na kama ni picha ya adhabu tunayoitaka, basi hata hiyo si ya kweli. Stefano alipigwa mawe. Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alitiwa motoni kisha akachomwa jambia, yapata mwaka 155. Njoo kwa hawa wa kwetu. Yosefu Mukasa Balikuddembe alikatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885, huyo ndiye. Lakini Noe Mawaggali alichomwa mkuki. Mathias Mulumba alikatwa viungo kimoja kimoja akaachwa afe kwa kiu na maumivu. Karoli Lwanga alichomwa moto polepole pale Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na kijana Kizito wa miaka kama kumi na minne akachomwa siku hiyohiyo. Wakatoliki 22, na Waanglikana 23 ambao Papa Paulo VI hakuwasahau alipowatangaza wenzao kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Shingo zilizokatwa humo ni chache. Mkono unaowachinja wote kwa pamoja hauwaheshimu hata katika mateso yao.

Nitawapa wapinzani wangu ushahidi mmoja wanaoweza kuutumia dhidi yangu, maana sitaki kushinda kwa kuficha. Mwaka 203 huko Karthago, Afrika ya Kaskazini, aliuawa mama kijana aitwaye Perpetua, ambaye bado alikuwa ananyonyesha. Aliacha maandishi yake mwenyewe ya siku za gerezani, na mwingine akamalizia habari ya kifo chake. Anasimulia kwamba mpiganaji aliyeamriwa kumwua alikuwa mgeni wa kazi hiyo; upanga ulimgonga mfupa, mkono ukamtetemeka. Ndipo Perpetua akaushika mkono ule na kuuelekeza mwenyewe kwenye koo lake. Huo nao ni mkono shingoni. Lakini tazama ni mkono unaoongozwa na nani. Atakayeweza kunionyesha ishara yenye mikono miwili, wa mwuaji unaotetemeka na wa shahidi unaoushika, huyo sitagombana naye kamwe.

Sasa narudi kwenye swali la padre: ushahidi una picha gani?

Nampeleka Munyonyo, kando ya Ziwa Viktoria, asubuhi ya tarehe 26 Mei 1886. Kabaka Mwanga amewakusanya vijana watumishi wa jumba lake. Jana yake amemwua Denis Ssebuggwawo kwa kosa la kufundisha dini. Anatoa amri ambayo kila Mkatoliki wa Uganda anaijua: wale wanaosali wajitenge, wasimame upande ule. Hakuna aliyeombwa kutoa hotuba. Hakuna aliyeulizwa kanuni ya imani. Karoli Lwanga, mkubwa wa vijana wale, akanyanyuka na kuvuka. Husimuliwa kwamba Kizito alikuwa ameshikana naye mkono. Wengine wakafuata. Walitembea hatua chache sakafuni wakasimama upande wa pili, na ushahidi ukawa umekamilika. Yaliyofuata, ile safari ya kwenda Namugongo wakiwa wamefungwa na zile kuni, yalikuwa hukumu. Kifodini chao kilikuwa hatua zile.

Padre wangu, huo ndio ushahidi, na wote ulikuwa wa macho. Kiziwi angekuwapo pale Munyonyo asingekosa chochote. Kama kuna watakatifu katika kalenda nzima waliotoa ushahidi wao kwa lugha ya mwili, bila ulimi, ni hawa wa kwetu. Na ni hawa tunaowageuza kuwa shingo.

Na mwingine wa karibu zaidi, kwa kinyume chake. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi huku. Vijana walikataa. Wakauawa 40. Huko Burundi huwaita mashahidi wa udugu. Wa Munyonyo walishuhudia kwa kuvuka. Wa Buta walishuhudia kwa kutovuka, kwa kubaki wamesimama pamoja. Chukua mkono shingoni uwasimulie vijana wa Buta. Utakuwa umesema nini? Kwamba mwaka 1997 katika Burundi watu waliuawa. Nani hakujua? Waliuawa kwa maelfu katika vita ile. Jambo la Buta ni kwamba waliambiwa watengane wakakataa, na hilo ndilo ishara yetu inalolifuta.

Najua kwa nini jibu la padre lilinichoma kiasi hiki. Lilisemwa zamani na padre mwingine, na madhara yake bado tunayaona. Mwezi Septemba 1880 walikutana mjini Milano walimu wa viziwi kutoka nchi mbalimbali, wajumbe 164, karibu wote watu wanaosikia. Mwenyekiti alikuwa Giulio Tarra, padre, mkuu wa shule ya viziwi ya hapohapo Milano. Alitumia ufasaha wake wote kuwaaminisha kwamba ishara huamsha hisia za mwili na kuchochea njozi, bali usemi wa kinywa ndio unaoinua akili kuelekea mambo ya roho. Kwamba mikono haiwezi kumbeba Mungu. Mkutano ukapiga kura kuziondoa ishara mashuleni. Kwa miaka mia na zaidi watoto viziwi, Ulaya kwanza na baadaye hata kwetu, walikatazwa kutumia mikono yao darasani na kulazimishwa kuiga midomo wasiyoisikia. Ilipofika mwaka 2010, mkutano wa ukoo uleule ulipofanyika Vancouver, Kanada, ndipo maamuzi ya Milano yalipokataliwa rasmi na masikitiko yakatolewa. Miaka 130.

Tena wakati huo wote ukweli ulikuwa mezani. Padre de l'Épée, Mfaransa aliyefariki mwaka 1789, alikuwa amekwisha kuwafundisha viziwi wa Paris dini kwa ishara. Mwaka 1960 mwalimu William Stokoe wa Washington alichapisha utafiti wake kuonyesha kwamba ishara za viziwi wa Marekani ni lugha kamili yenye muundo wake, si michoro hewani. Mwaka 1965 Roma iliruhusu lugha ya alama itumike katika liturujia pamoja na viziwi. Sikatai mema ya Kanisa langu. Shule ya kwanza ya viziwi katika Tanzania ilifunguliwa na Kanisa Katoliki, Tabora, mwaka 1963. Ninachokataa ni kumwambia kiziwi leo, karibu na altare, kwa maneno laini, jambo lilelile aliloambiwa Milano: kwamba mikono yako inaweza kuonyesha kisu lakini haiwezi kuonyesha kweli.

Serikali imemzidi Kanisa hapa, na inaniuma kulisema. Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, ambayo Waingereza waliileta mpaka huku kwetu, ilisema kwamba shahidi asiyeweza kusema anaweza kutoa ushahidi wake kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na ushahidi huo uhesabiwe kuwa ni wa mdomo. Kenya na Tanzania zilipotunga sheria zao ziliibakiza kanuni hiyo. Hebu fikiri: miaka minane kabla ya Milano, hakimu wa kikoloni, mtu ambaye huenda hakumpenda Mwafrika wala Mhindi, alilazimika kisheria kumtambua kiziwi kuwa shahidi kamili, na mikono yake kuwa kinywa. Uganda, nchi ya mashahidi, iliandika katika katiba yake ya 1995 kwamba serikali itaendeleza lugha ya alama ya viziwi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Mbunge kiziwi anaweza kushuhudia Bungeni. Kanisani neno lenyewe la ushahidi hulipata likiwa limechinjwa.

Watanijibu kwa sanamu. Kwani sanamu zetu hazibebi vyombo vya mateso? Laurenti hubeba kiunzi cha chuma alichochomewa, Katarina gurudumu, Bartolomayo kisu. Ni kweli, na ni hoja nzuri kuliko ile ya picha. Lakini tazameni ni nani anayekishika chombo. Ni mtakatifu mwenyewe, amesimama, mzima, amekishika kama askari mshindi anavyoshika silaha aliyomnyang'anya adui. Na katika sanamu za kale zaidi hata hivyo vyombo hupungua. Katika kanisa la Sant'Apollinare Nuovo huko Ravenna, Italia, kuna michoro ya vijiwe vya rangi ya karne ya 6: upande mmoja mashahidi wanaume 26, upande mwingine wanawali 22, wanaandamana kuelekea kwa Kristo na kwa Mama yake. Mikononi wamebeba mataji. Hakuna anayetoka damu. Mchoraji alikuwa na picha tu, hana sauti, kama kiziwi. Na hakuona haja ya kuchinja mtu ili tumtambue.

Liturujia nayo inasema hivyohivyo kwa kila chombo ilicho nacho. Siku ya kufa kwa shahidi huitwa siku yake ya kuzaliwa, desturi iliyokuwapo tangu waamini wa Smirna walipokusanyika kumkumbuka Polikarpo. Mavazi ni mekundu, naam, rangi ya damu, lakini ni rangi ya Pentekoste pia, ya ndimi za moto zilizowafanya mitume waseme. Kiziwi anauona wekundu huo kuliko sisi. Kisha anamgeukia mkalimani, na mkalimani anamwambia kwamba ni wa bucha.

Wapo pia watakaosema kwamba mjadala wa nani ni shahidi ni wa wanateolojia, hauwahusu viziwi. Kwa nini usiwahusu? Padre Maksimiliani Kolbe alikufa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941 kwa sindano ya sumu, baada ya kujitoa afe badala ya baba mmoja wa familia. Mwaka 1971 alitangazwa mwenye heri, lakini si kama shahidi. Waliuliza: je, aliuawa kwa chuki dhidi ya imani, au alitoa tu nafsi yake kwa upendo? Tarehe 10 Oktoba 1982 Yohane Paulo II alitoka kumtangaza mtakatifu akiwa amevaa mavazi mekundu, na watu wakaelewa kabla hajafungua kinywa. Papa alitumia ishara! Swali zima la miaka kumi na moja alilijibu kwa rangi ya nguo. Kiziwi aliyekuwa uwanjani siku ile alilipata jibu sawasawa na kardinali. Mkono shingoni ungemnyima hata swali, maana Kolbe hakuguswa shingo.

Hoja moja tu dhidi yangu ndiyo inayonifanya nitembee polepole. Wataalamu wa lugha hizi husema kwamba ishara ikishazoeleka, picha iliyomo husahaulika. Mtumiaji haioni tena, kama vile sisi tusivyofikiria mwana tunaposema mwanahewa au mwanasheria. Kwa hiyo, ikiwa viziwi wenyewe, katika mazungumzo yao wenyewe, wangekuwa wameizoea ishara ya shingo ikimaanisha kwao yote ambayo neno shahidi humaanisha kwangu, basi mimi ninayesikia ningepaswa kunyamaza. Nakubali kabisa. Lugha ni ya wenyewe. Lakini ishara ninayoisema haikutoka kwa viziwi. Mkalimani wa Misa ile, binti mkarimu aliyejitolea bila malipo, aliniambia aliibuni mwenyewe Jumamosi jioni alipoyaona masomo ya kesho yake, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwuliza. Ishara iliyobuniwa usiku mmoja haina mazoea ya kuificha picha yake. Ina picha tu.

Simlaumu binti yule. Namlaumu aliyemweka pale peke yake, bila kamusi, bila katekista kiziwi wa kushauriana naye, kisha akajipongeza kwamba parokia sasa inawajali walemavu. Tafsiri ya Misa kwa Kiswahili ilipita kwa maaskofu, kwa wataalamu, kwa Roma. Neno moja lilijadiliwa miezi. Maneno ya viziwi yanatungwa na mtu mmoja Jumamosi jioni baada ya kufua.

Mimi sina ishara ya kupendekeza, wala sistahili kuwa nayo. Ninachotaka ni mkutano, na ufanyike kabla ya Juni ijayo. Hauhitaji wafadhili. Chumba kimoja cha parokia kinatosha, na viziwi sita au saba, wakubwa kwa wadogo, binti wa kaka yangu akiwa mmoja wao. Wasimuliwe habari ya Munyonyo kwa ukamilifu, amri ya Kabaka, hatua zile sakafuni, Kizito na mkono alioushika. Wasimuliwe Buta. Waachiwe wabishane wao kwa wao mchana kutwa kama maaskofu walivyobishana juu ya Kiswahili chetu, na padre awepo kujibu maswali ya imani tu. Mkalimani akae nyuma na kalamu yake, aandike watakachoamua, na Jumapili asimame nacho kando ya altare.